Mjumbe wa Ulaya Mlangoni Kwangu

Siku hizi mwanafunzi akichaguliwa kwenda Bunge la Vijana kujadili mambo ya Ulaya, hasomi chochote. Shule inambandika kidude nyuma ya sikio, na fikra za nchi atakayoiwakilisha zinamwingia zenyewe. Eti maandalizi!

Binti yangu Salha kapewa nchi moja ya huko, na mada ni wahamiaji. Wiki nzima anahutubia makochi kuhusu mipaka, na mwalimu wake ananipigia simu kunipongeza utadhani nimezaa waziri. Mtu mzima hovyo.

Jana mama yangu alifika kutoka Pangani na kikapu cha mihogo, akapiga hodi. Salha akafungua mlango nusu.

"Umefuata nini, na utaondoka lini?"

Mama akacheka, akidhani ni utani wa bibi na mjukuu. "Nimekuja kukunyang'anya mume, mke mwenzangu!"

Salha hakucheka. Akafunga mlango.

Nilikibandua kidude kile kwa mkono wangu, nikakitupa jaani. Kisha nikaufungua mlango wazi.

"Haya, mkaribishe bibi yako."

Akamtazama bibi yake, akatabasamu vizuri kama zamani, halafu akanigeukia.

"Kwa muda gani, mama?"