Viatu Ndani ya Mpunga

Mfuniko wa debe la mpunga uligonga taratibu kabla ya alfajiri. Pale kijijini Msimbu, Bi Mwanaasha alikuwa akificha viatu vya mjukuu wake, asije akarudi kazini melini.

"Bibi, viatu vyangu viko wapi? Lori la kijiji linaondoka!"

"Kaa kwanza, mume wangu. Huko kuna nini hasa?"

"Visiwa vya volkano, Bibi. Tunawazungusha wageni kutazama wanyama. Ndege mmoja alitaga juu ya jiwe jeusi. Alipokwenda kula, niliyakinga mayai na jua kwa kofia yangu mpaka akarudi."

"Nahodha je?"

"Aligomba, kisha naye akaleta kofia yake."

Bibi aliushika mkono wa mjukuu wake uliobabuka kwa jua. Akafunua debe, akakung'uta chembe za mpunga viatuni.

"Nenda. Lakini uje tena kuniona."