Kiputo Kwenye Valvu

Nilipopaka povu la sabuni kwenye valvu tuliyoijaza hewa, kiputo kimoja kilitokea, kidogo kama punje ya ulezi.

“Hicho kimeletwa na brashi tu, haivuji,” kaka Mikaeli alisema. Begi lilikuwa begani tayari, basi la Dar lilikuwa karibu kuondoka.

Kiwanda kilipouzwa tulipunguzwa sote wawili, tukafungua karakana hii hapa Mafiga. Valvu hii ndiyo kazi yetu ya kwanza kubwa. Ingekaa juu ya kisima cha gesi kilichozeeka huko baharini, wakati Mikaeli na wenzake wakikiziba kwa saruji. Kama ingevuja, gesi ingewatokea usoni.

Tuna sharti moja. Anayesafiri na kifaa hakipimi mwenyewe, kwa sababu macho yake yameshapanda basi. Ndiyo maana brashi nilishika mimi.

Nikafunga mlango, upepo wa Uluguru usichezee povu. Nikakifuta kiputo kwa pindo la khanga, nikapaka povu jipya, tukainama wote.

“Mdogo wangu, nikichelewa, wenye kisima hawatatupa kazi nyingine.”

Kiputo kilirudi palepale, kikavimba taratibu mpaka nikaziona sura zetu mbili ndani yake. Kikapasuka.

Mikaeli akashusha begi sakafuni, akakunja mikono ya shati lake la safari.

“Kisima kimengoja kuzibwa miaka yote hii,” alisema. “Kitaningoja mpaka basi la kesho. Nipe spana.”