Kadi ya Sita

Kompyuta ilihesabu tano. Mwalimu Mkuu alihesabu kwa kidole, akapata sita.

"Shemeji, ama hii mashine haijui hesabu, ama mimi nirudi darasa la kwanza."

"Hilo tusilijibu mapema," alisema fundi, mdogo wa mke wake, huku akivuta kiti karibu na meza.

Ilikuwa saa mbili na robo, asubuhi ya Jumatatu. Saa nne kamili mkaguzi wa shule angeshuka getini, na barua ilikuwa imesema wazi kwamba ziara hiyo ndiyo itakayoamua kama Mkuu ataendelea kukalia kiti chake au atarudi kufundisha jiografia. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu Ijumaa bila kupumua.

Mashine yenyewe ilikuwa zawadi ya mfadhili kwa wanafunzi wa sayansi. Haikuwa na sanduku. Ilikuwa fremu ya chuma iliyo wazi, kama kichanja cha vyombo, na juu yake zimepangwa kadi sita za michoro, zile zinazopiga hesabu nzito za picha. Tano zilinguruma na kupuliza hewa ya vuguvugu. Ya sita ilitulia kama mwanafunzi asiyejua jibu.

"Umeme wa hapa ukoje?" fundi aliuliza.

"Jana jioni pasi ya shule ilitoa moshi, ikanyamaza. Na hatukuwa na nyingine."

Fundi alipima umeme. Ulikuwa mzima. Akaichomoa kadi ya sita, akayasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Kompyuta ikahesabu tano. Akabadilisha waya. Tano.

Mkuu alisimama pembeni akiwa na koti la mvua lililofungwa vifungo vyote mpaka kidevuni. Miguuni alivaa kandambili. Kati ya miguu alikuwa ameweka ndoo yenye mfuniko, na kila fundi alipoitazama, aliisogeza nyuma kidogo.

"Humu ndani hamvuji, shemeji. Vua koti."

"Nimeshalizoea."

"Na hiyo ndoo? Maji na umeme haviwekwi chumba kimoja."

"Hayo ni mambo ya ukaguzi," alisema Mkuu, kwa sauti ile ile anayotumia kutangaza vifo na matokeo ya mitihani.

Fundi alicheka puani. "Dada angekuwepo, angekuuliza vizuri."

"Dada yako yuko kwenu mpaka Jumatano. Tangu aondoke, kila kitu nafanya mwenyewe, na unaona nilipofika."

Saa tatu kasorobo, fundi alihamisha kadi ya sita kwenye nafasi ya kwanza. Ikaamka mara moja, feni zikazunguka. Ile ya kwanza, aliyoipeleka nafasi ya sita, ikazima.

"Kwa hiyo kadi zote ni nzima," alisema. "Ila moja lazima ibaki nje. Sikiliza, shemeji, kwani tano hazitoshi? Mkaguzi hatajua tofauti."

Mkuu alimtazama kwa huzuni ya mtu asiyeeleweka hata na ndugu zake.

"Kwa tano naweza kumpokea nikiwa nimekaa nyuma ya meza. Lakini huyu atataka kutembezwa. Madarasa, jikoni, mabweni yote. Kwa tano sitoki nje ya mlango huu."

Fundi hakuelewa, lakini alikuwa amekula kwa shemeji huyu miaka kumi na moja, na kutomwelewa ilikuwa kawaida. Alirudi kwenye kompyuta, akafungua mipangilio ya bodi kuu, akaisoma mstari kwa mstari kwa ncha ya bisibisi. Mkuu naye hakutazama skrini hata mara moja. Alikuwa akipita kadi moja hadi nyingine, akiweka kiganja juu ya kila moja, kama matroni anayepima homa.

"Nimempata mchawi," alisema fundi. "Bodi iliambiwa wakifika watano, ifunge geti. Wa sita anagonga, hakuna wa kumfungulia."

Alibadilisha neno moja, akazima, akawasha. Kompyuta ikafikiri. Ikahesabu sita.

Mkuu alifumba macho. Midomo yake ilicheza kidogo bila sauti.

"Zinapata moto?" aliuliza.

"Zikiwa zimekaa bure, hapana. Mpaka uzipe kazi."

"Zipe kazi. Nzito kuliko zote unazozijua."

"Ya kufanya nini?"

"Yoyote ya kuzitoa jasho, shemeji. Ni saa tatu na dakika kumi."

Fundi aliwasha programu ya majaribio. Feni zikapiga kelele, namba zikapanda: hamsini, sitini, sabini.

"Zinaweza kufika digrii themanini na tano," alisema kwa fahari.

"Sabini inatosha. Themanini itaunguza."

"Itaunguza nini?"

"Heshima," alisema Mkuu, akamshika bega na kumsindikiza mpaka mlangoni. "Nenda kanywe chai kwa mhasibu. Mtu yeyote akiniulizia, mwambie niko kwenye maandalizi ya mwisho."

Alifunga mlango kwa ufunguo, akavuta pazia, akafunua ndoo. Kisha, kwa utaratibu wa mtu anayepandisha bendera, akaanza kukamua na kutundika: koti la suti juu ya kadi ya kwanza, shati kwenye ya pili, fulana kwenye ya tatu, tai kwenye ya nne, soksi kwenye ya tano, na juu ya kadi ya sita, pole pole, suruali yake pekee.