Mkono wa Shirika

Tingatinga la shirika lilikuwa limefukua kaburi la mume wa Bi Mwanakheri, na mji ule ulikuwa na desturi moja: aliyefukua ndiye anayerudisha udongo, kwa mkono wake mwenyewe. Bi Mwanakheri akamsukumia ofisa wa shirika karai lililojaa udongo.

"Si mimi niliyefukua, mama. Ni shirika."

"Basi lije."

"Haliwezi kuja. Halina mwili."

"Mlipotaka shamba langu mliniambia ni mtu mbele ya sheria, linamiliki, linashtaki. Leo limekufa?"

"Halifi, mama." Ofisa alijifuta jasho. "Dereva alitumwa, mimi nimetumwa, hata mkurugenzi ameajiriwa tu. Nimekuletea barua ya kuomba radhi." Akatoa muhuri mkobani, akaupuliza, akaugonga kwenye barua.

"Nini hicho?"

"Muhuri. Shirika likikubali jambo, hukubali kwa huu."

Bi Mwanakheri akaunyakua, akaugeuza huku na huku, kisha akauchomeka kwenye udongo wa karai, mpini juu.

"Kama huu ndio mkono wake," akasema, akikaa chini kando ya shimo, "uambie uchote."

Wote wawili wakabaki wanautazama.