Kanuni ya Papa Bertin

Papa Bertin alipimwa angali hai.

Rafiki yake Freddy alitoa mita mfukoni, ile ya chuma inayojikunja yenyewe, akapima upana wa kitanda, kisha urefu wake, akinong'ona namba kwa Kifaransa. Papa Bertin alikuwa akimtazama. Hakuweza kufanya kingine. Tangu mshipa upasuke kichwani mwake, mwili wote ulikuwa umemsusa: mkono hauinuki, ulimi hausogei, pua ikiwasha anabaki kuvumilia. Akili tu ndiyo iliyosalia, nzima kabisa, imefungiwa ndani kama mtu aliyesahauliwa kwenye lifti.

"Bon," Freddy akamwambia Maman Émérance, mke wa mgonjwa, akielekeza kidole kwenye lifti ya korido. "Itaenea mu ascenseur. Nilipima na mulango."

Maman Émérance akaitikia kwa kichwa, akafuta macho.

Papa Bertin alijua maana ya vipimo hivyo kuliko mtu yeyote Brussels. Ndiye aliyeanzisha chama cha Wakivu, Wakongo wa mashariki, wa mtaa wa Saint-Josse, na ndiye rais wake mpaka leo. Chama kilikuwa na kazi moja: mwenzao akifia ugenini, watu wanachanga, jeneza linanunuliwa, mwili unapandishwa ndege kwenda nyumbani. Walio hai wajitegemee. Ukija kumwombea mgonjwa mchango, rais alikuwa na swali moja tu, na aliliuliza huku ameshavaa kofia ya kuondokea: "Nani alikufa?" Kama hakuna aliyekufa, kikao kimefungwa. Hata Larissa, mumewe alipokatwa mguu na kuhitaji kiti cha magurudumu, aliulizwa vivyo hivyo, akarudi kwake analia.

Sasa zamu ilikuwa ya rais mwenyewe, na hakuwa amekufa. Hilo ndilo lililokuwa likimtia wazimu.

Juma lililopita alidhani ameokoka. Eline, muuguzi wa Kiflamandi mwenye mikono ya baridi, alimwinamia akamwambia atazame juu. Akatazama juu. Atazame chini. Akatazama chini kwa nguvu zake zote, mpaka machozi yakamtoka. Eline akatoka mbio. Baadaye Papa Bertin akamsikia kwenye korido akimweleza Maman Émérance kwamba kwa hapo walipofika hospitali haina cha kumpa, afadhali aongee na watu wake.

Watu wake! Hao aliwajua vizuri, na kazi yao aliijua.

Tangu hapo mambo yakaenda mbio. Binti yake Claudine aliketi kando ya kitanda akamsimulia mama yake jinsi Larissa alivyoizunguka Galerie d'Ixelles yote, saluni moja baada ya nyingine. Wasusi walichanga, wauza pondu, yaani kisamvu, walichanga, hata wazee wawili wa Kibelgiji waliowahi kufundisha Bukavu walichanga. Larissa yuleyule! Papa Bertin aliumia moyoni. Mwanamke yule alikuwa na haki ya kufurahia kumzika, lakini si angengoja kidogo?

"Na docteur anasema nini?" Maman Émérance akauliza.

"Anasema, kisha ya papa, itabakia hapa ya kusaidia bengine."

Papa Bertin akaona majonzi yamewavuruga akili. Nani angekubali kulazwa katika jeneza hilo baada yake?

Alipiga kelele. Alipiga kelele kutwa nzima: jina la mkewe, jina la Mungu, na matusi ya Kimashi, lugha ya kwao, ambayo hakuwahi kuyatamka mbele ya watoto. Chumbani ilisikika mashine ya kupumulia peke yake. Maman Émérance alimfuta mate, akamkata kucha, kisha akamnyoa ndevu taratibu, kidevu mpaka shingoni, akimwambia kwamba Ijumaa watu watakuja na anataka wamkute nadhifu. Ule wembe ndio uliomvunja moyo kabisa.

Ijumaa wakaja kweli. Akina mama wa chama waliingia wamevaa kitenge cha zambarau, sare aliyoichagua yeye mwenyewe na ambayo huvaliwa matangani tu. Chama hakikuwa na sare nyingine. Larissa alitangulia akiomba njia. Nyuma yake Freddy na mwanamume mwingine walisukuma kitu kirefu kilichofunikwa shuka, magurudumu yakilia sakafuni.

Papa Bertin akafumba macho. Ulikuwa mlango pekee aliobaki nao, akaufunga. Wamzike basi, ila wasimlazimishe kutazama.

Akasikia kitu kizito kikiegemezwa kitandani. Akasikia skrubu zikikazwa, moja, nyingine, na nyingine. Mtu akaanza kuomba kwa sauti ya chini. Kisha pumzi ya Claudine ikamfikia shavuni.

"Papa. Fungula macho, tafazali."

Kwa ajili ya Claudine, akafungua.

Mbele ya uso wake, juu ya mkono wa chuma uliofungwa kitandani, kulikuwa na kioo kilichojaa herufi kubwa, na ukingoni pamebandikwa jina la chama. Eline alimwelekeza polepole: atazame herufi moja, angoje, kisha atazame nyingine, mashine itayafuata macho yake na kusema kile anachotaka. Macho ya rais yalitembea, yakasimama, yakatembea tena, na machozi yakamlazimu kurudia mara kadhaa. Mwishowe sauti ya mashine, kama ya kijana wa Paris, ikiyavunjavunja maneno ya Kiswahili, ikauliza mbele ya vitenge vyote vile vya zambarau:

"Nani alikufa?"