Swali la Fuko Jukwaani

Huko Ulaya, wanyama walishindanisha kampuni zao changa za teknolojia, mshindi apewe mtaji. Tausi alionyesha picha za kung'aa, akapigiwa makofi hadi akakunjua mkia. Fuko akapanda jukwaani mikono mitupu, kucha zimejaa udongo.

Jaji Tai akacheka. "Wewe hata kuona huoni vizuri! Unafanya nini?"

"Nasambaza habari kwenye simu, mzee."

"Nani anazisoma?"

Fuko akatunisha kifua. "Mkutano huu ulikuwa ufanyike bondeni. Leo asubuhi mafuriko yakakata barabara. Nani alikuambia uje huku mlimani?"

Tai akafungua simu yake. Ujumbe uliomwita mlimani ulikuwa na alama ya ukucha wa Fuko. Ukumbi mzima ukatoa simu; zote zilikuwa na ujumbe uleule. Tausi akaificha yake mkiani.

"Kizuri chajiuza, mzee," Fuko akasema, akashuka bila kungoja makofi.