Picha ya Kasa

"Mbona ameshika koo hivi?" mama aliuliza, simu ya Twalib mkononi mwake.

Walikuwa sebuleni kwa mama huyo, ghorofa ya sita, mtaani Kware. Arobaini ya mwanawe, rafiki wa Twalib, ilikuwa imesomwa jana, naye alitaka picha ya kutundika ukutani. Twalib alimfungulia ile aliyopigwa akicheka botini, kabla hawajapiga mbizi pamoja. Hakudhani mama angeendelea kusukuma kwa kidole mpaka afike kwenye picha ya kasa waliyemkuta chini ya maji.

Nyuma ya kasa, katika maji ya buluu, rafiki yake alikuwa akimtazama Twalib moja kwa moja, kiganja kimelazwa kooni. Hata pete yake ya fedha ilionekana.

Kila mpiga mbizi anaijua ishara ile. Twalib aliiona palepale, kupitia kamera.

"Alikuwa anakusalimu?" mama akauliza, akitabasamu.

Angeweza kuitikia tu, yakaisha.

"Hapana, Mama. Alikuwa ananiambia mtungi wake umeishiwa hewa. Na kasa alikuwa karibu sana, nikapiga nyingine mbili kwanza, ndipo nikamwendea."

Mama aliishusha simu mapajani polepole.

"Mbili?"